Jina Moja, Wanawake Wengi: Juu ya Kuwapambanua Wajina katika Visasili vya Kiyunani na katika Maandiko

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa theolojia anayeanza kujifunza Kiyunani hukutana mapema na visasili, yaani hadithi za kale za miungu na mashujaa wa Wayunani, kwa kuwa huo ndio ulimwengu ambamo Injili ilihubiriwa kwa mataifa. Jambo moja humtatiza tangu mwanzo: wanawake wengi wa hadithi hizo wana majina yaleyale. Akirudi kwenye Agano Jipya hukuta hali isiyo tofauti. Penye msalaba wa Bwana wetu walisimama wanawake wasiopungua watatu wenye jina la Mariamu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi watu wa kale walivyowapambanua wanawake wenye jina moja, hatari inayotokea upambanuzi huo unapopuuzwa, na manufaa ya somo hili kwa mchungaji anayehubiri katika Pwani yetu, ambako Wakristo na Waislamu huishi ua kwa ua. Hoja yetu ni moja. Jina peke yake halimtambulishi mtu; na mhubiri anayewaunganisha wawili kwa sababu ya jina humdhulumu mmoja wao, na pengine huwadhulumu wote wawili.

2. Somo na wajina katika desturi zetu

Katika Kiswahili cha Pwani, mtu mwenye jina sawa na langu ni somo yangu, au wajina wangu. Neno hili somo lina uzito. Hutumika pia kwa mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari. Nao ndugu zetu Wakatoliki hulitumia kwa mtakatifu ambaye mbatizwa amepewa jina lake. Kwa hiyo kushiriki jina si kufanana kwa herufi tu, bali ni kifungo cha heshima na wajibu. Binti aliyepewa jina la bibi yake mzaa baba huweza kuitwa "mama" na baba yake mwenyewe. Hata hivyo hakuna mtu nyumbani humo anayedhani kwamba bibi na mjukuu ni mtu mmoja.

Tuchukue mfano wa Tumbi, hapa Kibaha, kando ya barabara iendayo Morogoro. Tangu Shirika la Elimu Kibaha lilipoanzishwa mwaka 1963, kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, watu wa makabila mengi wamekuja kuishi pamoja na wenyeji wa sehemu hizi. Mgeni akiuliza nyumba ya Mariamu, naye ataulizwa papo hapo: Mariamu yupi? Ni Mama Juma au Mama Neema? Ni wa karibu na hospitali au wa njia ya shuleni? Ni muuguzi au ni yule auzaye samaki? Nazo ofisi zetu, kwa sababu iyo hiyo, hudai jina la baba na la babu pia. Katika maswali hayo mepesi mna njia tatu za kumtambua mtu: watu wake, mahali pake, na kazi yake. Tutaona kwamba Wayunani na waandishi wa Biblia walitumia njia hizohizo.

Maandiko nayo yanaijua desturi ya kurithisha majina. Elisabeti alipotaka mwanawe aitwe Yohana, jamaa walishangaa kwa sababu hapakuwa na mtu wa ukoo wao mwenye jina hilo (Lk 1:61). Katika Agano la Kale tunakuta wanawake watatu waitwao Tamari. Wa kwanza ni mkwe wa Yuda (Mwa 38). Wa pili ni binti Daudi, aliyetendwa jeuri na Amnoni ndugu yake, akakaa katika ukiwa nyumbani mwa Absalomu (2 Sam 13). Wa tatu ni binti wa huyo Absalomu (2 Sam 14:27). Mwandishi hasemi kwa nini Absalomu alimwita bintiye Tamari, lakini msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa mengi. Palipo na desturi ya somo, jina la shangazi aliyenyamazishwa huendelea kuitwa uani kila siku, wala halifi pamoja na aibu aliyotendewa.

3. Wajina katika visasili vya Kiyunani

Visasili vya Wayunani havikutungwa na mtu mmoja wala mahali pamoja. Kila mji ulikuwa na hadithi zake, na kila ukoo wa kifalme ulijitafutia babu miongoni mwa mashujaa. Tena majina mengi yalikuwa maneno yenye maana ya kupendeza, hata yangeweza kutolewa kwa mwanamke yeyote wa cheo. Hadithi za miji mbalimbali zilipokusanywa pamoja, wajina wakawa wengi.

Jina Electra ni mfano mwema. Watu wengi wanamjua Electra binti wa mfalme Agamemnon, aliyeomboleza kuuawa kwa baba yake na kumngojea ndugu yake Orestes aje kulipiza kisasi. Lakini yuko Electra mwingine, binti wa Atlas, mmoja wa wale dada saba waliohesabiwa kuwa nyota za kilimia, aliyemzalia Zeus Dardanus, babu wa watu wa Troya. Yuko na wa tatu, binti wa Oceanus, ambaye kwa habari ya mshairi Hesiod ni mama wa Iris, mungu mke wa upinde wa mvua, na wa viumbe wenye mabawa waitwao Harpies. Mmoja ni binadamu mwenye huzuni, mwingine ni nyota, mwingine ni wa ukoo wa bahari. Hawana ushirika wowote ila jina.

Ndivyo ilivyo pia kwa Eurydice. Mke wa mwimbaji Orpheus, aliyeumwa na nyoka akafa, na ambaye mumewe alishuka kuzimu kumtafuta, aliitwa Eurydice. Mke wa Creon, mfalme wa Thebe, aliyejiua baada ya kusikia kifo cha mwanawe Haemon, kama Sophocles anavyosimulia katika mchezo wa Antigone, naye aliitwa Eurydice. Na mke wa Acrisius mfalme wa Argos, mama wa Danae, ni Eurydice vilevile. Mtu akichanganya hawa watatu, atampeleka Orpheus kumlilia mke wa mtu mwingine.

Wayunani wenyewe waliwapambanuaje? Walitumia nasaba kwanza: binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Kisha walitaja mji, na baada ya hapo tendo au msiba uliompata. Kitabu kiitwacho Bibliotheca, ambacho tangu kale kimehusishwa na jina la Apollodorus, kimepangwa karibu chote kwa koo, ili msomaji ajue kila mtu ni wa mlango gani.

4. Artemi wa Efeso, na Fibi wa Kenkrea

Mambo haya yanagusa Agano Jipya waziwazi. Katika Matendo ya Mitume 19 mafundi wa fedha wa Efeso wanafanya ghasia kwa ajili ya Artemi. Msomaji aliyejifunza visasili humfikiria mara moja Artemis wa Wayunani, dada wa Apollo, mwanamwali mwindaji anayetembea msituni na upinde. Lakini sanamu ya Efeso ilikuwa ya namna nyingine kabisa: imesimama wima, imevikwa mapambo mazito, na kifuani ina safu za vitu vya mviringo ambavyo wengi wamevieleza kuwa alama ya uzazi na neema ya nchi. Yaonekana ibada ya kale ya Asia Ndogo ilivikwa jina la Kiyunani. Baadaye Warumi walimlinganisha Artemis na Diana wao, na Luther katika tafsiri yake ya Kijerumani aliandika Diana. Hivyo majina yaliunganisha yale ambayo ibada zenyewe zilitenga. Mhubiri asipolijua hilo atashindwa kueleza kwa nini mji mzima ulitikisika kwa ajili ya mwindaji wa msituni.

Mfano wa pili ni wa kutia moyo zaidi. Katika visasili, Phoebe, maana yake "mng'aavu", ni binti wa Mbingu na Nchi, mama wa Leto, na bibi wa Apollo na Artemis. Phoebe mwingine ni binti wa Leucippus, aliyetekwa pamoja na dada yake na Castor na Pollux, wale pacha ambao sanamu yao ilikuwa alama ya merikebu iliyomchukua Paulo kutoka Malta (Mdo 28:11). Tena Artemis mwenyewe aliitwa Phoebe kwa heshima. Kisha tunafika Warumi 16:1-2, na hapo tunamkuta mwanamke mwenye jina lilo hilo. Union Version inamwita Fibi. Habari Njema inamwita Foibe.

Paulo hakumtaka abadili jina. Hilo lilikuwa la kawaida katika makanisa ya mataifa: Apolo, Epafrodito, Artema (Tit 3:12), Herme na Nerea (Rum 16:14-15) ni Wakristo wenye majina yaliyotokana na miungu. Lakini Paulo anamtambulisha Fibi upya kwa njia zile tatu tulizozitaja. Watu wake: ni dada yetu. Mahali pake: ni wa kanisa la Kenkrea, bandari ya Korintho. Kazi yake: ni diakonos, neno lilo hilo ambalo Paulo analitumia juu yake mwenyewe na Apolo (1 Kor 3:5), tena amekuwa msaada wa wengi, na wa Paulo mwenyewe. Phoebe wa visasili anajulikana kwa wazao wake, au kwa kutekwa kwake. Fibi wa Kenkrea anajulikana kwa utumishi wake. KKKT, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 imewawekea mikono wanawake kuwa wachungaji, ina sababu njema ya kuisoma aya hiyo kwa makini.

5. Mariamu wa Agano Jipya

Jina Mariamu lilienea sana katika Uyahudi wa wakati ule. Watafiti wa majina ya Wayahudi wa Palestina, akiwamo Tal Ilan, wameonyesha kwamba Mariamu na Salome ndiyo majina ya wanawake yaliyotumika kuliko mengine yote. Herode Mkuu peke yake alioa wake wawili wenye jina hilo: mmoja wa ukoo wa kifalme wa Wahasmoni, ambaye Herode mwenyewe alimwua, na mwingine binti wa kuhani mkuu.

Katika Agano Jipya tunaweza kuwahesabu hawa: Mariamu mama wa Yesu, Mariamu Magdalene, Mariamu wa Bethania, dada wa Martha na Lazaro, Mariamu mama wa Yakobo na Yose (Mk 15:40), Mariamu wa Klopa (Yn 19:25), Mariamu mama wa Yohana aitwaye Marko, ambaye kanisa la Yerusalemu lilikusanyika nyumbani mwake (Mdo 12:12), na Mariamu aliyejitaabisha kwa ajili ya Wakristo wa Rumi (Rum 16:6). Wa nne na wa tano huenda wakawa mtu mmoja. Kiyunani kinasema tu "wa Klopa", bila kuonyesha kama ni mke, mama au binti, na hapo mhubiri mwaminifu huliacha jambo mahali Maandiko yalipoliacha.

Angalia jinsi wainjilisti wanavyojali. Karibu kila Mariamu amepewa alama: mwana, mume, ndugu au kijiji. Magdalene hatambulishwi kwa mume wala kwa mwana, bali kwa mji wake, Magdala, ulioko kando ya ziwa la Galilaya. Mathayo, anapomtaja yule aliyekaa pamoja na Magdalene kulielekea kaburi, humwita Mariamu mwingine (Mt 27:61), yaani asichanganywe na mwenzake. Nao wenye kutuachia habari hizo walijua kwamba ushuhuda wa kaburi wazi unategemea kujua ni nani hasa aliyeona.

6. Dhuluma aliyotendewa Magdalene

Pamoja na uangalifu huo wote, kanisa la Magharibi lilikosea. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri Rumi akimfanya Mariamu Magdalene, Mariamu wa Bethania, na mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7:36-50 kuwa mtu mmoja. Njia ya kosa hilo ni rahisi kuifuata. Yule wa Luka 7 hana jina. Aliipaka miguu ya Yesu marhamu. Mariamu wa Bethania naye aliipaka miguu ya Yesu marhamu (Yn 12:3), na ana jina. Magdalene ana jina lilo hilo, na anatajwa mara tu baada ya habari ya Luka 7, kwamba alitokwa na pepo saba (Lk 8:2). Tendo likamvuta mmoja, jina likamvuta mwingine, na pepo saba wakageuzwa kuwa dhambi za uasherati, jambo ambalo Luka hakulisema popote.

Kanisa la Mashariki liliendelea kuwatenga wanawake hao. Huko Ufaransa, mwanachuoni Jacques Lefèvre d'Étaples alipoandika kwamba wao si mtu mmoja, wanatheolojia wa Paris walimhukumu mwaka 1521. Kalenda ya Kirumi iliyofanyizwa upya mwaka 1969 iliacha kumhesabu Magdalene kuwa yule mwenye dhambi, na mwaka 2016 siku yake, 22 Julai, ikapandishwa kuwa sikukuu. Karne kumi na nne zilipita tangu mahubiri yale. Lakini katika mimbari zetu, Walutheri pamoja nasi, bado anaitwa kahaba. Katika sharika zetu wako mabinti waliobatizwa kwa jina la Magdalena. Wanaposikia hayo Jumapili ya Pasaka, wanajifunza nini juu ya somo yao?

Hasara si ya jina lake tu. Mwanamke aliyemfuata Yesu kutoka Galilaya, aliyemhudumia kwa mali yake, aliyesimama msalabani wanafunzi walipokimbia, na aliyetumwa kwanza kuwapasha habari ya ufufuo (Yn 20:17-18), amefunikwa na sifa ya mwingine. Mariamu wa Bethania naye, aliyeketi miguuni pa Bwana kama mwanafunzi (Lk 10:39), amepoteza nafasi yake. Hata yule wa Luka 7, ambaye Injili imemsitiri kwa kutomtaja jina, amefunuliwa mbele ya watu.

Ungamo la Augsburg, kifungu cha 21, linafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili imani yetu ithibitike na tuige matendo yao mema, kila mtu katika wito wake. Hatuwezi kuiga tendo la mtu tusiyemjua.

7. "Dada wa Haruni"

Kuna neno la mwisho linalowahusu hasa wahudumu wa Pwani. Katika Korani, sura ya 19 iitwayo Maryam, aya ya 28, watu wanamwita mama wa Isa "dada wa Haruni". Na katika sura ya 66, aya ya 12, anaitwa binti wa Imran. Baadhi ya Wakristo, hasa katika mihadhara ya dini iliyoenea katika miji ya Tanzania tangu miaka ya 1980, wamelitumia neno hilo kuwadhihaki Waislamu, wakisema kwamba wamemchanganya mama wa Yesu na Miriamu dada wa Musa.

Tunaonelea hoja hiyo haifai, kwa sababu tatu. Kwanza, swali hilo ni la kale, na Waislamu walikwisha kulijibu. Katika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, Wakristo wa Najran walimwuliza al-Mughira ibn Shu'ba jambo lilo hilo, na jibu aliloletewa kutoka kwa Mtume Muhammad ni kwamba watu wa zamani walikuwa wakipewa majina ya manabii na wacha Mungu waliowatangulia. Hilo ni jibu la somo na wajina, nasi watu wa Pwani tunalielewa.

Pili, Biblia yetu nayo hutumia maneno ya udugu kwa ukoo wa mbali. Elisabeti ni wa binti za Haruni (Lk 1:5), naye ni jamaa ya Mariamu (Lk 1:36). Yusufu anaitwa mwana wa Daudi (Mt 1:20), na mwanamke aliyepindana mgongo anaitwa binti Ibrahimu (Lk 13:16). Tatu, tofauti ya Miriamu na Mariamu tunayoiona katika Union Version ya mwaka 1952 ni ya watafsiri. Katika Agano la Kale la Kiyunani dada wa Haruni ni Mariam, na Luka mara nyingi humwandika mama wa Yesu Mariam vilevile. Jina ni moja. Binti wa Nazareti ni somo wa nabii yule aliyeimba kwenye Bahari ya Shamu.

Hatusemi kwamba hakuna tofauti kati yetu na Waislamu juu ya Mwana wa Mariamu. Tofauti ipo, tena ni kubwa, na hatupaswi kuificha. Lakini tofauti hiyo na ishuhudiwe mahali ilipo, wala isitafutwe katika jina. Hapa kwetu, ukisikia mwanamke akiitwa Mariamu, hujui bado kama atakwenda kanisani au msikitini. Jina hilo ni mlango ambao pande zote mbili huuheshimu, na mchungaji mwenye hekima hataufunga kwa kejeli.

8. Kanuni kwa mhubiri na mwalimu

Kutokana na yaliyotangulia twaweza kutoa kanuni fupi. (a) Kabla ya kuhubiri juu ya mtu wa Biblia, uliza: ni wa nani, ni wa wapi, ametenda nini katika kifungu hiki? (b) Usilete habari ya kifungu kingine kwa sababu ya jina tu, wala kwa sababu ya tendo linalofanana tu. (c) Linganisha tafsiri. Union Version ina Mariamu na Fibi. Habari Njema ina Maria na Foibe. Mwanafunzi asidhani kuwa ni watu tofauti. (d) Asiyetajwa jina asipewe jina. (e) Maandiko yanapoacha jambo bila kulikata, mhubiri naye aliache. (f) Katika darasa la kipaimara, kila kijana mwenye jina la Biblia aelezwe habari ya somo yake kwa ukweli.

9. Hitimisho

Wayunani walipambanua wajina kwa nasaba, mahali na tendo. Waandishi watakatifu wakafanya vivyo hivyo. Na jirani zetu wa Tumbi hufanya hivyo kila siku wanapomwelekeza mgeni nyumba. Kinachotakiwa kwetu ni kuwatendea wanawake wa Maandiko adabu ileile tunayowatendea majirani. Siku ya ufufuo, bustanini, Magdalene hakumtambua Bwana kwa kumwona, wala kwa swali lake la kwanza. Alimtambua alipoitwa jina lake (Yn 20:16). Jina hilo walikuwa nalo wanawake wengi wa Yerusalemu asubuhi ile, lakini aliyeitwa alijua kwamba ni yeye. Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina yao (Yn 10:3), wala hamwiti mmoja akimdhania mwingine. Sisi tuliowekwa kuchunga chini yake na tujifunze kwake.